Ndia Si Neno

Watu wa ukweni walimwita Breki, na jina lilimkaa. Alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake la kufundishia lilikuwa dogo, jeupe, lenye kibao cha onyo juu ya paa, na upande wa abiria lilifungwa breki ya pili ambayo mguu wake haukuachana nayo tangu asubuhi hadi jioni. Kazi hiyo ilimfanya mwanamke wa kuiona hatari mapema na kuisema papo hapo. "Kioo!" "Mbele yako mtu!" "Taratibu, dada, hiyo gia si kitasa cha mlango!" Hasira zake zilipanda haraka na kushuka haraka. Ndiyo maana hasira iliyompanda Jumapili ile nyumbani kwa wifi yake mkubwa ilimshangaza hata yeye mwenyewe, kwa sababu iligoma kushuka.

Jumapili alasiri familia ya mumewe ilizoea kukutana kwa wifi mkubwa kucheza mchezo wa maneno, ule wa vibao vidogo vya herufi vinavyopangwa kwenye ubao wa viraba. Wifi mkubwa alikuwa mhariri wa vitabu vya shule. Kazini waandishi waliiogopa kalamu yake nyekundu. Nyumbani ndugu zake walimwogopa hata bila kalamu. Ubao ulikuwa wake, meza ilikuwa yake, kamusi nene iliyovalishwa plastiki ilikuwa yake, na uamuzi wa neno lipi linafaa na lipi halifai ulikuwa wake pia, ingawa hakuna aliyekumbuka lini alichaguliwa.

Siku hiyo mezani walikuwa wanne. Wifi mkubwa alikaa kichwani. Kulia kwake alikaa mume wa Breki, fundi wa lifti, mtu mpole ambaye kelele pekee alizozipenda ni za mota. Kushoto alikaa shemeji mdogo, kinyozi, ambaye kwa maskhara yake walimwita Vituko. Breki alikaa karibu na mlango wa jikoni. Binti yake wa darasa la nne alikuwa chini kwenye zulia, ameegemea miguu ya shangazi yake, anatikisa mfuko wa vibao kila alipoambiwa atikise. Mtoto huyo alimpenda shangazi yake kupita kiasi. Alichosema shangazi kilikuwa kimesemwa.

Mchezo ulikuwa mkali. Wifi mkubwa aliongoza, kama kawaida, lakini Breki alikuwa akimpumulia kisogoni. Ubaoni kulikuwa na neno KITABU. Breki akaikodolea macho ile A, akakodolea vibao vyake, kisha uso wote ukamchanua. Juu ya A akashusha vibao vitatu, kimoja baada ya kingine, na cha kwanza kikatua barabara kwenye kiraba chekundu, kile cha kuzidisha alama mara tatu.

"NDIA," akasema. "Na mara tatu hiyo. Nimekupita, wifi."

Wifi mkubwa akavua miwani. "Ndia ndiyo nini?"

"Njia. Barabara. Kwetu tunasema ndia."

"Kwenu." Wifi alilitamka neno hilo kama mtu anayeokota soksi ya mwenzake kwa ncha za vidole. "Hapa tunacheza kwa Kiswahili, wifi yangu."

"Na hiyo ni lugha gani? Kichina?"

"Usichukie. Nasema tu, ndia si neno."

Vituko alikuwa amekwisha kuivuta kamusi na kuifungua magotini. "Dada, limo!" akapiga kelele. "Hili hapa!"

"Soma na herufi ndogo."

Vituko akasoma. "Lahaja. Tazama njia."

"Umesikia?" wifi akasema, akarudisha miwani usoni. "Kamusi yenyewe inakufukuza. Inakuambia katazame kwingine."

Breki alijua angeweza kunyamaza. Ilikuwa Jumapili, chai ilikuwa mezani, watu walikuwa wanacheka. Lakini alikumbuka Jumapili iliyotangulia, naye hakuwa mtu wa kuona gari linakwenda mtaroni akatazama dirishani.

"Wiki iliyopita uliweka KHERI," akasema. "Ile K ikakupa alama kibao. Fungua hapo kwenye kheri, shemeji, utusomee."

Vituko akafunua kurasa, akasoma, akaanza kucheka. "Tazama heri!"

"Kheri ni jambo jingine," akasema wifi.

"Jambo jingine kivipi?"

"Kheri watu wanasema."

"Watu gani? Mama yangu si mtu?"

Pale mezani watu wakatafuta pa kuweka macho. Vituko, ambaye hakuwahi kuacha jambo zito likae, akapanga vibao vyake mwenyewe mbele ya wote. "Basi na mimi naweka ZWAGU. Babu yangu alikuwa anaita kijiko zwagu. Lahaja ya chumbani kwake."

Wakacheka. Wifi mkubwa akacheka mpaka akashika meza. Binti wa Breki akacheka kule kwenye zulia, akarudia "zwagu, zwagu," akigonga mfuko wa vibao. Breki akamgeukia mumewe, akamkuta naye anatabasamu. Si kicheko, ni lile tabasamu dogo la kutaka mambo yapite.

"Baba watoto," akamwambia, "wewe umekaa kwetu. Umewahi kulisikia neno hili au hujawahi?"

Mume akakuna kidevu. Akamtazama dada yake, akamtazama mkewe, akatazama ubao. "Jamani, ni mchezo tu. Tuendelee."

Breki akaviondoa vibao vyake ubaoni, N, D, I, akavipanga mbele yake kwa utulivu uliomtisha mumewe kuliko kelele. Akapoteza zamu. Mchezo ulipokwisha akaenda jikoni kuosha vikombe bila kuombwa. Alivisugua kwa nguvu mpaka mkono wa kikombe kimoja ukambaki kiganjani, kikombe chenyewe kikabaki kwenye sinki. Akaviacha palepale, vyote viwili, makusudi.

Garini hakusubiri hata watoke kwenye lango.

"'Ni mchezo tu.' Neno moja nilikuomba. Useme 'nimelisikia'. Basi. Ungepungukiwa na nini?"

"Sikutaka kuleta ugomvi, mke wangu."

"Ugomvi ulikuwa umeshafika, umekaa katikati ya meza, umekunywa na chai! Ulichokataa wewe ni kukaa upande wangu."

Binti yao, kiti cha nyuma, alikuwa anajiimbia zwagu.

Kesho yake alikuwa na mwanafunzi wa asubuhi, muuza maua aliyetokwa na jasho viganjani kila akishika usukani. Walifika njia panda ya karibu na kituo cha mafuta, yule bwana akauliza kwa unyonge, "Mwalimu, nifuate njia ipi?" Swali la kawaida kabisa, lakini Breki akamwakia kama aliyetukanwa.

"Na mtu akikuambia njia ya kwenu si njia? Uliyokulia, uliyoendea shule, uliyopitishiwa jeneza la baba yako? Akikuambia haimo, utamfanya nini?"

Muuza maua akafikiri kwa dhati, macho mbele, mikono imekaza usukani. "Nitapiga honi, mwalimu?"

Breki akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Haya. Kata kushoto. Kioo kwanza."

Labda hasira ingeishia hapo. Alikuwa na kazi, alikuwa na nyumba, na mtu hawezi kuishi amekunja ngumi kwa ajili ya herufi nne. Lakini katikati ya wiki mama yake alikuja, kwa basi la asubuhi, na begi moja na mkongojo, kwa ajili ya goti ambalo lilikuwa limekataa kukunjika.

Mama yake Breki alikuwa ameshona mapazia maisha yake yote. Alikuwa ameingia katika nyumba za watu wa kila aina, kupima madirisha yao, na katika kila nyumba alikuwa ametoka na hadithi. Alipenda kuzungumza kama wengine wanavyopenda kula. Alikuwa na sauti ya chini, ya kukwaruza kidogo, na akianza kusimulia alikuigizia sauti za pande zote mbili, yule bwana na yule bibi, na mbwa wao akiwepo. Alizungumza alivyozungumza sikuzote. Njia kwake ilikuwa ndia, njaa ilikuwa ndaa. Macho yalikuwa mato, kichwa kilikuwa kitwa, na kucheka ilikuwa kuteka.

Jioni ya kwanza alikaa kwenye kochi, akanyoosha mguu, akamwita mjukuu wake. "Ndoo, mwanangu, ndoo hapa kwa bibi." Mtoto akaenda bafuni, akarudi na ndoo. Nyumba nzima ikavunjika mbavu, na aliyecheka kuliko wote alikuwa bibi mwenyewe. Akamkumbatia mtoto pamoja na ndoo yake.

Siku ya pili haikuchekesha. Walikuwa wanakula. Breki alikuwa amesimama jikoni, mlango wazi, akimimina maji kwenye jagi. Akamsikia mama yake anasema, "Leo nimeshikwa na ndaa, kitwa kinaniwanga."

Akamsikia binti yake anajibu, kwa sauti safi ya mtoto anayejua jibu:

"Bibi, si ndaa, ni njaa. Na si kitwa, ni kichwa. Shangazi alisema hayo si maneno. Hayahesabiwi."

"Hayahesabiwi na nani?"

"Kwenye mchezo. Na kwenye mtihani pia. Shangazi alisema Kiswahili ni kile kingine."

Bibi akarudisha kijiko sahanini. Halafu akasema, "Ahaa." Ahaa hiyo tu.

Breki alitoka jikoni na jagi mkononi, maji yanamwagika. "Muombe bibi yako radhi. Sasa hivi."

Mtoto akamtazama. "Nimefanya nini?"

"Muombe radhi!"

"Lakini ni kweli! Shangazi ndiye..." Akaangua kilio. Alilia kwa uchungu wa mtu aliyepigwa kwa kutoa jibu sahihi, na Breki, akiwa pale na jagi lake, aliona wazi kwamba mtoto hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa limekaa mtaa mwingine, kichwani mwa meza yake, limevaa miwani.

"Mwache," akasema mama yake. "Mtoto amesema alichofundishwa."

Tangu hapo Breki akaanza kusikia mashimo. Mama yake angeanza hadithi, angefika mahali, angesimama. Ungemwona anashika neno, analigeuza, analirudisha, anatafuta lingine. Hadithi ya mwanamke aliyeagiza mapazia ya chumba kisicho na dirisha, ambayo Breki aliijua kwa moyo na aliipenda kuliko zote, ilifika nusu ikafa. "Basi ndiyo hivyo," mama yake akasema, akajifuta midomo. "Nimesahau ilivyokwisha." Hakuwa amesahau. Mwisho wa hadithi ile ulikuwa na macho, na kichwa, na watu waliokufa kwa kicheko.

Ijumaa Breki alimpeleka kliniki. Muuguzi, kijana mchangamfu, akauliza goti linauma wakati gani. Mama yake, ambaye zamani angemjibu kwa robo saa, akamtajia na wagonjwa wengine watatu wenye magoti, akawa kama mtoto wa shule aliyesimamishwa kujibu.

"Nikitembea," akasema. "Nikiwa kwenye... nj..." Akaanza upya. "Njia. Ndefu."

Breki akatazama ukuta. Kulikuwa na picha ya mifupa ya mguu pale, akaisoma yote.

Wakati wa kurudi, mama yake alitazama madirisha ya watu mpaka walipopita soko. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Hivi mwanangu, miaka yote ile, nikienda majumbani mwa watu kupima madirisha, walikuwa wananicheka?"

Alisema wananicheka. Alikuwa ameichagua ile ch, akaitamka kwa uangalifu, kama mtu anayevaa nguo ya kuazima na kuogopa kuichafua.

Breki, aliyewafundisha mamia ya watu kwamba gari halisimamishwi bila kutazama kioo, alisimamisha gari bila kutazama kioo. Nyuma wakampigia honi. Lori likawapita, dereva akatoa mkono dirishani kumtukana. Hakusikia.

"Hakuna aliyekucheka, mama."

"Nauliza tu."

"Hakuna. Na atakayekucheka atanijua mimi ni nani."

"Usiende kugombana na wifi yako kwa ajili yangu," mama yake akasema. "Mimi nimekuja kwa goti."

"Hilo ni lako na daktari," Breki akasema. "Na la wifi ni langu mimi."

Nyumbani akamkuta mumewe amekwisha kurudi, anabadilisha soketi ya sebuleni. Akamweleza yote, kliniki, neno lililokwama mbele ya muuguzi, swali la garini, na hakupaza sauti hata kidogo. Mume akaacha bisibisi sakafuni. Siku zile mbili alikuwa ameona kwamba mkwewe hazungumzi, akadhani ni maumivu.

"Jumapili tunaenda?" akauliza.

"Tunaenda. Na safari hii usiniambie ni mchezo."

Jumapili walimwacha mama na redio na mto chini ya goti. Kwa wifi mkubwa ubao ulikuwa tayari mezani, vibao vimepinduliwa, chai imefunikwa. Breki hakuketi.

"Sichezi mpaka tuzungumze," akasema. "Ulimfundisha mwanangu kwamba bibi yake haongei Kiswahili."

"Mimi?" Wifi akaweka mkono kifuani. "Sijasema hivyo hata siku moja."

"Ulisema, shangazi." Binti alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilisikika. "Ulisema hapa tunacheza kwa Kiswahili. Na bibi sasa haniambii hadithi."

Wifi akatazama mtoto, na kwa mara ya kwanza akaonekana kukosa pa kushika. Lakini hakuwa mtu wa kuanguka upesi, na alichosema hakikuwa upuuzi.

"Wifi, nisikilize. Mimi kila siku nasoma kazi za watoto. Mtoto akiandika ndia, msahihishaji anampiga mkasi, kakosa. Si mimi ninayempiga, ndivyo mitihani ilivyo. Sasa nikimwambia binti yako ndia ni sawa tu, andika, nitakuwa nampenda au namdanganya? Nimeona watoto hodari wameangushwa na vitu vidogo kama hivi. Mimi nilikuwa namkinga."

"Ungemwambia hivyo basi!" Sauti ya Breki ilipanda, akaiacha ipande. "Ungemwambia, mwanangu, kwenye mtihani andika njia, ukiwa na bibi yako sema ndia, yote mawili ni yako. Hukumwambia hivyo. Ulimwambia si neno. Mtu ametumia neno maisha yake yote, amezaa nalo, amelea nalo, ameshonea nchi nzima mapazia nalo, wewe umekaa hapa na chai unasema si neno!"

"Na nikifungua mlango nitaufungia wapi? Leo ndia, kesho kila mtu atakuja na la kwao. Vituko ataleta zwagu lake."

"Zwagu nani kalisema? Amlete! Mama yangu hasemi ovyo. Ndia, ndaa, ndoo. Mato, kitwa, kuteka. Nipe neno lolote lenye ch nitakuambia atakavyolitamka kabla hajafumbua mdomo. Kosa halina adabu hiyo, wifi. Kosa linakuja leo halafu kesho halipo. Hiki ni Kiswahili kilichonyooka kuliko changu na chako."

Vituko alifungua mdomo, akamwona kaka yake, akaufunga.

"Haya," wifi mkubwa akasema. Uso ulikuwa umemwiva. "Kheri nalo nimelifuta. Kuanzia leo halimo. Umeridhika?"

"Nani kakuomba ufute? Mimi nataka langu lihesabiwe, sitaki lako lifutwe!"

"Basi siwezi kukusaidia. Hii ni meza yangu."

Hapo ndipo Breki alipoelewa kwamba kheri na ndia na herufi ndogo za kamusi hazikuwa na kazi tena. Mbele yake palikuwa na meza na mwenye meza. Akavuta pumzi ya kujibu, lakini mumewe akatangulia. Yule mpole alikuwa bado amesimama, funguo za gari mkononi.

"Dada," akasema, "mimi nimelisikia. Mara ya kwanza nilipokwenda kuposa, nilipotea. Mzee mmoja akaniambia, shika ndia hii mpaka mwisho. Nikaishika, nikafika. Ilipasa niseme wiki iliyopita, sikusema, nimeona aibu wiki nzima. Ubao wako mzuri, lakini mimi leo sichezi."

Wakatoka. Nyuma yao wakamsikia Vituko analalama, "Na mimi sasa nicheze na nani? Na kamusi?"

Kufikia katikati ya wiki, fundi wa lifti alikuwa amekata vibao kutoka kwenye kipande cha mbao laini, akavipiga msasa, na Breki akaandika herufi kwa rangi ya kucha. Ubao waliuchora nyuma ya kalenda ya zamani. Sheria ilikuwa moja, wakaibishania kwa siku mbili kabla ya kukubaliana: neno linahesabiwa kama kuna mtu kweli uliyemsikia akilisema, na kama ukiliweka ndani ya sentensi wenzako wanalielewa. Vituko alikuja Jumapili ya kwanza kwa udadisi, akajaribu tena zwagu, akaulizwa babu alilisema lini na mbele ya nani, akashindwa, akakatwa zamu.

Mama yake Breki alikataa kucheza. Alisema yeye si mtu wa herufi. Wakamwekea vibao mbele hata hivyo, na mjukuu wake akahamia ubavuni kwake, kwa kuwa tangu siku ile ya machozi alikuwa anatafuta namna ya kumrudia bibi bila kujua aanzie wapi. Zamu ilipofika, bibi akatazama vibao vyake kwa muda mrefu, akatazama ubao, kisha akaweka NJAA.

Kumbe haijasaidia kitu, Breki akawaza. Kumbe hata hapa, kwenye meza yangu mwenyewe, anaogopa. Akainama, akaona vibao vilivyobaki mbele ya mama yake.

"Mama," akasema taratibu, "mbona una D hapo?"

"Nimeiona."

"Ungeweza kuweka ndaa."

Mama yake akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Na hii J yenye alama nyingi nimpe nani?"

Vituko akapiga ukelele. Mume wa Breki akafunika uso kwa mikono miwili. Bibi mwenyewe akateka, akateka mpaka goti likamuuma, na zamu iliyofuata akaweka MATO kwa sababu C hakuwa nayo. Tangu hapo hakukamatika. J ikija, njia. D ikija, ndia. Alikuwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma katika kila nyumba, na alipita penye faida. Vituko akalalamika kwamba si haki, akaenda kulalamika mpaka kwa dada yake.

Ujumbe ukarudi kupitia kwake. "Dada anasema aliwaambia. Anasema sasa mmeona, mama yako ana maneno mara mbili ya watu wengine."

"Mwambie ni kweli," Breki akajibu. "Tena mwambie ndicho nilichokuwa namweleza."

Mama yake alikaa mpaka goti likaanza kukunjika. Hadithi zilirudi, na ile ya chumba kisicho na dirisha ilisimuliwa mpaka mwisho, mjukuu akaitaka tena na tena. Lakini si kila kitu kilirudi. Mbele ya muuguzi, mbele ya jirani, mbele ya mtu yeyote aliyeshika karatasi, Breki bado alimsikia anasimama kidogo katikati ya sentensi, anachagua. Ilikuwa nukta ndogo, mgeni asingeigundua. Breki aliisikia kila mara, na kila mara ilimchoma palepale. Mtu alikuwa amefika umri ule bila nukta hiyo, akapewa na watu wanaokunywa chai.

Breki na wifi mkubwa walikutana baadaye kwenye kikao cha familia. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana watoto, wakapakuliana. Walipokuwa wanafunga vyombo wifi akasema, bila kumtazama, "Nasikia mchezo wenu umechangamka."

"Umechangamka."

"Mnaruhusu maneno gani hasa?"

"Njoo uone."

"Nikija nitakuja na kamusi yangu."

"Njoo nayo, wifi. Tutaitafutia kiti."

Wifi alitaka kutabasamu, akajizuia. Hakusema pole, si kwa Breki wala kwa mama yake, na mpaka leo hajafika. Breki naye, ukipanda gari lake ukamuuliza yameishia wapi, atakuambia ukaze mkanda kwanza, utazame kioo, na kwamba yeye hajapoa.